Kijiji Ambacho Wazee Hawakufa: Kisa cha Msongamano wa Wakazi Katika Gemu ya Kuiga Maisha

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu gemu ya kompyuta iliyolemewa na wakazi wake yenyewe. Timu iliyoitengeneza ni ndogo, watu wanne tu, na wamekubali kisimuliwe kwa sharti kwamba wao na gemu yao wasitambulike. Nimeondoa majina, mandhari na chochote ambacho kingemfanya mchezaji aseme "naijua hii". Mfuatano wa maamuzi na sababu zake nimeuacha. Mimi niliitwa kusaidia baada ya jaribio la tatu la kulitatua tatizo kuzua hasira kubwa kuliko tatizo lenyewe.

Nakiandika kwa sababu moja. Watengenezaji wa gemu za namna hii, na wachezaji wanaozirekebisha kwa nyongeza zao, wakiona kijiji kimefurika huuliza kwanza, "Tuwaondoe vipi?" Swali lililoiokoa gemu hii lilikuwa "Wanaingilia wapi?", na liliulizwa kwa kuchelewa mno.

## Usuli

Ni gemu ya ukoo. Mchezaji huanza na kaya moja katika kijiji chenye kaya sita na wakazi 24. Kaya yake anaiongoza mwenyewe. Zile tano nyingine zinajiendesha. Wakazi wanakua, wanasoma, wanapendana, wanaoana, wanazaa, wanazeeka na kufa. Mkuu wa kaya akifariki, mchezaji anaendelea na mrithi. Mwaka mmoja wa gemu ni dakika 20 za kucheza, hivyo kizazi cha miaka 25 huchukua saa nane na ushei.

Maamuzi manne ya mwanzo yanahitaji kujulikana, kwa sababu kila moja lilikuwa la busara peke yake.

La kwanza, hakuna mkazi aliyekufa kwa ugonjwa, njaa au ajali. Aliyeweza kufa ni mzee tu. Timu haikutaka mchezaji amzike mtoto, nami nakubaliana nao kabisa.

La pili, mtu hakuhama rika kimyakimya. Kutoka utoto kwenda ujana, ujana kwenda utu uzima, na utu uzima kwenda uzee, kulifanyika sherehe ya kuzaliwa: keki inatengwa, wageni wanaitwa, mwenye sherehe anafika mezani, anazima mishumaa, anabadilika mbele ya watu. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote katika gemu hiyo, na wachezaji walipiga picha za sherehe hizo kuliko kitu kingine chochote.

La tatu, kazi za kijiji (mwalimu, mkunga, mwenye duka, fundi, mchimba kaburi na nyingine) hazikuruhusiwa kubaki wazi. Nafasi ikipatikana, mfumo ulitafuta mtu mzima asiye na kazi. Akikosekana, uliumba mtu mpya kutoka hewani, ukampa sura, jina na nyumba.

La nne, nyumba hazikuisha. Wawili wakioana, kiwanja kilipatikana na nyumba ikasimama siku hiyohiyo.

Watu waliishi kwa raha, na raha ndiyo iliyoongeza uwezekano wa kuzaa. Wanandoa wengi walifikisha watoto wanne. Kwa hesabu ya kawaida, wanandoa wakizaa wanne kila kizazi kinakuwa mara mbili ya kilichotangulia: 24, 48, 96, 192. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta. Timu haikuifanya kwa sababu hawakuwa wakifikiria vizazi. Walikuwa wakifikiria kaya moja yenye furaha.

## Dalili

Toleo la majaribio lilipowafikia wachezaji wa nje, saa za mwanzo zilisifiwa. Malalamiko yalianza kwa wale waliofika kizazi cha tatu: gemu imekuwa nzito, asubuhi inaganda, kusevu kunachukua muda mrefu. Mchezaji mmoja aliandika kwamba akiamka asubuhi ndani ya gemu, anakwenda kunywa maji na kurudi kabla wakazi hawajatoka vitandani.

Wajaribu wa ndani hawakuwahi kuona hilo. Kila apdeti ilipotoka walianzisha kijiji kipya, wakacheza saa chache, wakakagua kilichobadilika. Hakuna aliyepata mjukuu. Kulikuwa pia na jaribio la kujiendesha, ambalo lilipeleka kijiji miaka mia mbele usiku kucha bila kuonyesha picha, nalo halikuonyesha tatizo kubwa. Sababu yake tutaiona baadaye, maana ndiyo kiini cha kisa hiki.

## Uamuzi wa kwanza: kupunguza uzito wa picha

Timu ilianza na vivuli, majani na ubora wa sura za mbali. Haukuwa uamuzi wa kipuuzi. Mchezaji anaposema "nzito", mara nyingi kadi ya picha ndiyo inayotaabika, na ni rahisi kupunguza vivuli kuliko kugusa maisha ya wakazi.

Haikusaidia. Kilichothibitisha ni jaribio dogo ambalo lingeweza kufanywa siku ya kwanza: kamera ikaelekezwa angani, ambako hakuna cha kuchora, na gemu ikaendelea kuganda kila alfajiri. Prosesa, sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, ndiyo iliyokuwa inazidiwa, tena kwa mambo mawili.

Moja ni mahusiano. Kila mkazi alikuwa na hisia zake kwa kila mkazi mwingine aliyewahi kukutana naye, na hisia za A kwa B si lazima ziwe za B kwa A. Wakazi 24 wanaofahamiana wote wana hisia 552 za kutunzwa. Wakifika 100, ni 9,900. Wakifika 200, ni 39,800. Watu wameongezeka mara nane na kitu. Kazi imeongezeka mara sabini na zaidi. Na hakuna uhusiano uliowahi kufutwa, hata kati ya watu waliosalimiana mara moja dukani miaka arobaini nyuma.

Pili ni njia. Kila mkazi anayetaka kwenda mahali hutafutiwa njia, na akikuta mtu amesimama mbele yake hutafutiwa upya. Barabarani si tatizo. Mlangoni ni balaa, kwa sababu mlango unapitisha mtu mmoja, na wale kumi waliozuiwa wote wanatafutiwa upya kwa pamoja, wanapata njia ileile, wanazuiwa tena. Alfajiri wakazi wote walitoka wakati mmoja. Maji yalikuwa yamezidi unga.

## Uamuzi wa pili: kuweka ukomo

Wakaweka ukomo wa wakazi 120. Namba hiyo ilipimwa vizuri: ndiyo iliyokuwa inaendeka bila kuganda kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote walizoahidi kuzihudumia. Kijiji kikifika hapo, hakuna anayeongezwa.

Kasi ikarudi. Halafu barua zikaanza kuja, na hizi hazikuwa za kiufundi. Mchezaji mmoja alisema wahusika wake wameoana miaka kumi, wana nyumba nzuri, wanapendana, wamejaribu kila kitu na mtoto hapatikani, wala gemu haisemi kwa nini. Mwingine alisema ukoo wake unakufa na hajui amekosea wapi. Hili si jambo dogo. Kuna watu wanaocheza gemu za familia wakiwa na majonzi yao wenyewe kuhusu uzazi, na gemu inayomnyima mtu mtoto bila neno lolote inamgusa mahali ambapo mtengenezaji hana ruhusa ya kugusa kizembe.

Kilichotokea ndani ni suala la ratiba. Mfumo wa ajira uliendeshwa alfajiri. Mfumo wa uzazi uliendeshwa usiku wa manane. Mtu akifa mchana, kijiji kinabaki na 119. Usiku wa manane hakuna mimba mpya inayofikiriwa ila kwa wanandoa waliopangiwa zamu usiku huo, na zamu ya kila mmoja huja mara chache kwa mwaka. Alfajiri mfumo wa ajira unakuta nafasi, unaumba fundi mpya, kijiji kinarudi 120. Nafasi zilinyakuliwa na watu ambao mchezaji hakuwaomba, hakuwajua na hakuwa na haja nao, huku binti aliyemlea tangu utotoni akikosa nafasi ya mwanawe.

## Uamuzi wa tatu: kufuta usiku

Timu ilijikuta kati ya kasi na uzazi, na ikatafuta njia ya kupata vyote. Ukomo ulibaki, lakini kila kijiji kilipokaribia 120, mfumo mpya ulipita usiku na kuwaondoa wakazi wasio na umuhimu kwa mchezaji. Umuhimu ulipimwa kwa uhusiano na watu hai wa kaya yake: rafiki ana alama nyingi, jirani anayesalimiana naye ana chache, asiyejulikana ana sifuri. Wenye sifuri walianza kuondoka. Hakuna taarifa, hakuna mizigo mlangoni, hakuna kaburi. Walikuwapo jana.

Sababu yao niliielewa. Walidhani mchezaji hatamkosa mtu asiyemjua, na kwa mkazi mmoja mmoja walikuwa sahihi. Kosa lilijificha kwenye maneno "watu hai".

Tukio lililoleta hasira ninayoitaja mwanzoni lilitokea katika vijiji vingi, lakini faili moja lilitumwa kwetu na nililiendesha mwenyewe. Mchezaji alikuwa amemwongoza bibi mmoja tangu akiwa msichana. Bibi alikuwa na mashoga watano: mmoja alisoma naye, mmoja alikuwa mkunga aliyezalisha watoto wake wote, wengine watatu ni majirani wa miaka mingi. Bibi akafa mchana. Mazishi yakapangwa kesho yake. Mrithi, mjukuu wake wa kiume, hakuwahi kuzungumza na hao mashoga watano. Alikuwa kijana, alikuwa na wenzake. Bibi alipotoka kwenye hesabu ya watu hai, alama za mashoga wake zikashuka hadi sifuri kwa mkupuo. Usiku ule mfumo ukawapitia. Asubuhi jeneza liliteremshwa mbele ya mjukuu, mke wake na mchimba kaburi aliyeumbwa alfajiri hiyo.

Mchezaji alirudi kwenye picha zake za zamani akidhani labda amesahau sura. Kisha akafungua mti wa ukoo akakuta mkwe wa mtoto wa yule bibi ni kisanduku cheupe. Alichoandika kilikuwa kifupi: hakujali kwamba bibi amekufa, alijua atakufa, alijali kwamba gemu imemdanganya kuhusu nani aliishi.

Katika kazi hii sijaona kosa linaloharibu imani haraka kuliko hilo.

## Kuhesabu milango

Nilipoingia niliomba jambo moja kabla ya kugusa msimbo. Kila mkazi anayeingia kwenye daftari la kijiji aandikwe ameingiaje: kuzaliwa, kuumbwa na mfumo wa ajira, au kuletwa na hadithi. Kila anayetoka aandikwe ametokaje. Kisha vijiji vichache viendeshwe hadi kizazi cha nne, sherehe zikiwa zimewashwa na picha zikionyeshwa, kama mchezaji anavyocheza.

Timu ilitegemea kuona uzazi umetawala. Katika vizazi viwili vya kwanza, karibu nusu ya watu wazima wapya walikuwa wa kuumbwa.

Mfumo wa ajira ulitafuta mtu mzima asiye na kazi, na vijana wa kijiji waliofikisha umri wa kazi walibaki wameandikwa "mwanafunzi" hadi mwaka wa shule uishe. Siku nafasi ilipopatikana hawakuonekana. Akaumbwa mgeni. Mgeni akaoa au akaolewa, akazaa wanne. Alipostaafu hakuondoka, alibaki nyumbani kwake na wajukuu wake, na nafasi yake ikaumbiwa mgeni mwingine. Kila kazi ilikuwa inaleta ukoo mpya kila baada ya miaka thelathini hivi, huku watoto wa mwalimu wa zamani wakikaa bila kazi. Haba na haba, kibaba kikajaa, tena kwa mfumo ambao kazi yake ilikuwa kuhakikisha duka halifungwi.

Orodha ya waliotoka ndiyo iliyotushangaza zaidi. Vifo vilikuwa vichache mno. Tukapanga wakazi kwa umri, tukakuta watu wa miaka 90, 100, mmoja wa 112, wote wakiwa bado katika rika la utu uzima. Nywele nyeusi, mgongo ulionyooka, wanakwenda kazini. Na kwa kuwa anayeweza kufa ni mzee tu, na hawa hawakuwa wamepita kwenye uzee, hawakuweza kufa. Wanawake kati yao waliendelea kuzaa.

## Sherehe moja kwa karibu

Tukachagua mwanamke mmoja wa miaka 71 tukamfuata siku ya kuzaliwa kwake.

Sherehe ilimwalika kila mtu mwenye urafiki naye juu ya kiwango fulani. Katika kijiji cha watu 24 hao walikuwa saba au wanane. Huyu mama, baada ya miaka 71 ya kusalimiana na watu, alikuwa na wageni 63. Nyumba yake ina sebule, vyumba viwili na jiko lenye mlango mmoja. Keki ilitengwa jikoni.

Wageni walifika saa kumi za jioni ya gemu. Kumi na tano wa kwanza waliingia jikoni, kwa sababu sherehe iliwaagiza wasimame karibu na keki. Wa kumi na sita akasimama mlangoni. Mwenye sherehe alikuwa chumbani akibadilisha nguo. Alipotoka, njia yake ilizuiwa na yule wa mlangoni. Akatafutiwa njia nyingine, hakuna. Akasubiri. Mtoto mmoja ndani ya jiko akasikia njaa, akataka kwenda kwenye kabati, akazuiwa na mjomba wake, akaanza kulia. Watu wanne wakamgeukia kumbembeleza, na kila aliyegeuka akamzuia jirani yake. Mwenye sherehe akajaribu tena. Alikuwa hatua sita kutoka kwenye mishumaa yake.

Kanuni ilisema mwenye sherehe asipofika kwenye keki ndani ya saa tatu, sherehe iahirishwe hadi mwaka ujao, asibadilike bila mishumaa. Saa moja ya usiku keki ikatoweka, wageni wakaenda makwao, naye akarudi chumbani akiwa bado mtu mzima. Mwaka uliofuata alikuwa na wageni 66.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini jaribio la kujiendesha halikuonyesha kitu. Katika jaribio hilo sherehe zilizimwa ili kuokoa muda, na wakazi walihama rika kwa tarehe tu. Wazee walikufa kwa wakati wao. Gemu iliyojaribiwa na gemu iliyochezwa zilikuwa mbili tofauti, na tofauti yake ilikuwa keki.

Msongamano ulizuia kifo, na kukosekana kwa kifo kuliongeza msongamano. Tatizo la namna hii haliongezeki polepole. Linakaa kimya vizazi viwili, halafu linalipuka.

## Marekebisho na sababu zake

Ufutaji wa usiku uliondolewa siku hiyohiyo, kabla ya kuwa na mbadala. Timu iliogopa kasi itaanguka, na ilianguka kwa muda. Lakini kila usiku ambao mfumo ule uliendelea, ulikuwa unafuta kitu kisichorudishika kutoka kwenye faili la mtu.

Sherehe ikarekebishwa kwa namna mbili. Wageni wakawekewa idadi kulingana na ukubwa wa nyumba, wakichaguliwa kwa ukaribu, jamaa kwanza. Na mwenye sherehe akapewa kipaumbele cha njia: anapokwenda kwenye keki, wengine humpisha. Zaidi ya hapo, sherehe ikishindikana kwa sababu yoyote, mtu anahama rika hata hivyo na keki inaliwa kesho yake. Umri usitegemee mlango.

Mfumo wa ajira ukafundishwa kuwaona wanafunzi wanaokaribia kumaliza, kisha wastaafu walio tayari kurudi, kisha kuiacha nafasi wazi kwa muda na duka kufungwa. Timu ilisita sana kuhusu duka kufungwa. Wachezaji wakalipenda, kwa sababu likawapa sababu ya kumsomesha mtoto ufundi.

Uzazi wa kaya zisizoongozwa na mchezaji ukafungwa kwenye nyumba. Kijiji kikapata idadi maalumu ya viwanja, na wanandoa wasio na nyumba yao hukaa kwa wazazi bila kuzaa hadi wapate. Hapa timu iliiga kwa makusudi. Katika gemu ya Banished, iliyotoka mwaka 2014, mchezaji huongoza ongezeko la watu kwa kujenga au kutojenga nyumba, kwa kuwa vijana wanaobaki kwa wazazi hawaanzishi familia. Ni breki inayoonekana kwa macho: mchezaji akiuliza kwa nini hakuna watoto, jibu limesimama mbele yake.

Kaya ya mchezaji ikatengewa nafasi zake nje ya ukomo wa kijiji. Dwarf Fortress ya Tarn na Zach Adams ina wazo la jamaa na hilo: ukomo wake wa kawaida wa wakazi 200 huzuia wahamiaji, na ukomo mkali wa 220 ndio unaozuia pia uzazi, kwa hiyo wageni wakikoma bado kuna nafasi ya watoto. Timu ilikuwa na ukomo mmoja kwa wote, na mgeni akamshinda mtoto.

Kwa wale ambao bado walizidi, ukaja uhamiaji wa wazi. Familia inatangaza kwamba inafikiria kuhama, inaaga kwa siku chache, mchezaji anaweza kuwaomba wabaki, na wakiondoka wanabaki kwenye daftari jepesi: jina, wazazi, tarehe ya kuzaliwa, na namba inayowezesha sura kuchorwa upya. Hawatafutiwi njia, hawana njaa, hawana hisia za kuhesabiwa. Lakini mti wa ukoo haupotezi mtu, barua zinakuja, na mtu akifiwa wanaweza kurudi mazishini.

Mahusiano nayo yakapewa usahaulifu. Mkazi hubaki na orodha fupi ya watu muhimu. Wa kusalimiana tu wanafifia na kuondoka.

## Matokeo

Vijiji vipya sasa hutulia kati ya wakazi 70 na 90 bila ukomo kuguswa, jambo linalonifurahisha kuliko lolote katika kazi hii. Ukomo wa 120 bado upo, ila kwa mchezaji wa kawaida haufikiwi. Alfajiri haigandi.

Mafaili ya zamani yalikuwa kazi ngumu zaidi. Wenye wazee wa miaka 100 wasiozeeka walipoweka apdeti, kanuni mpya ingewahamisha wote rika kwa wiki moja na wengi wangekufa pamoja. Timu ikatawanya sherehe hizo kwa miaka kumi. Waliofutwa usiku hawakurudi, kwa sababu data yao haikuhifadhiwa popote. Mahali pa visanduku vyeupe pakaandikwa "alihama", na mchezaji akaruhusiwa kuandika jina mwenyewe. Wengine waliandika. Wengine hawajarudi kwenye gemu mpaka leo.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuandika chanzo cha kila mkazi. Ni safu moja kwenye daftari, na ndiyo iliyoonyesha kwamba maamuzi matatu yaliyotangulia hayakugusa chanzo, maana nusu ya tatizo ilitoka kwenye ajira na nusu nyingine kwenye vifo vilivyokwama. Idadi ya watu ni waliopo, ukiongeza wanaoingia, ukitoa wanaotoka. Timu ilikuwa inatazama jumla peke yake.

Breki nazo hazilingani kwa mchezaji. Ukomo wa siri unamwonyesha ukuta asiouelewa. Nyumba, kazi na ardhi zinamwonyesha kijiji. Katika Animal Crossing: New Horizons ya mwaka 2020 kisiwa hakizidi wakazi kumi, ukomo mdogo sana, lakini wachezaji huupokea kwa sababu unaonekana kwa viwanja, na mkazi anayetaka kuhama humweleza mchezaji na kumpa nafasi ya kumzuia. Ukali wa namba si tatizo kama mtu anaambiwa.

Ufutaji si haramu kila mahali. The Sims 4 huondoa baadhi ya wakazi wasio na makazi wakizidi, na kwa mpita njia asiye na historia ni jambo linalovumilika. Gemu hiyohiyo, kupitia sehemu yake iitwayo Neighborhood Stories iliyoingia mwishoni mwa 2021 na kupanuliwa mwaka 2022, humwachia mchezaji achague kaya kwa kaya nani ahame na nani azae. Tofauti ni kwamba katika kisa chetu kipimo cha umuhimu kilimsahau marehemu. Mtu aliyekuwa muhimu kwa bibi ni sehemu ya historia ya ukoo hata kama mjukuu hamjui. Anayeandika mfumo wa aina hii apime uhusiano na ukoo wote, walio hai na waliokufa, na aweke kizuizi kigumu: aliyewahi kuonekana kwenye sherehe, ndoa au mazishi ya mchezaji hafutwi.

Jambo la kuunganisha umri na sherehe bado linanivutia, kwa sababu lilikuwa wazo zuri na lilikuwa kosa. Dwarf Fortress ina kisa maarufu cha paka: paka hujichagulia bwana, na paka mwenye bwana hawezi kuchinjwa, hivyo huruma iliyowekwa kwenye gemu inaondoa njia ya kupunguza paka, nao hufurika hadi gemu inakwama. Ni muundo uleule. Kitu cha kihisia kimeshikilia njia ya kutokea, na hakuna aliyekihesabu kama sehemu ya mfumo wa idadi ya watu. Katika gemu ya maisha, kila kanuni inayosema "hawezi kuondoka mpaka…" ni kanuni ya uzazi kwa upande wa pili, na inapaswa kukaguliwa hivyo.

Kuhusu upimaji nitasema kifupi. Jaribio la haraka lizime picha likitaka, lakini lisizime kanuni yoyote inayoamua nani anaingia na nani anatoka. Na timu iwe na mafaili ya kizazi cha nne na cha tano ya kufungua kila apdeti.

## Lililobaki

Breki ya nyumba imeleta tatizo jipya. Viwanja vikifunguliwa vingi kwa mara moja, vijana wengi huoana mwaka uleule, watoto huja kwa wimbi, halafu kijiji hukaa miaka ishirini bila mtoto mchanga, na mwishoni wimbi zima huzeeka na kufa pamoja. Wachezaji wa Banished wanalijua vizuri. Timu sasa inajaribu kufungua viwanja kimoja kimoja, kwa kuangalia umri wa waliopo badala ya idadi yao. Katika vijiji walivyoviendesha hadi kizazi cha sita, sherehe zikiwa zimewashwa, wimbi limepungua lakini halijaisha, na kwa wachezaji wanaotaka ukoo mkubwa kuliko kijiji chote bado hakuna jibu zaidi ya kuwaruhusu wapandishe ukomo wenyewe, huku wakionyeshwa kwenye skrini ileile gharama yake kwa kompyuta yao.